Kabla Hujamlipa Kaunsela

Jijini Nairobi, kikao cha saa moja na mshauri nasaha wa kulipia mara nyingi huanzia shilingi 2,000 au 2,500. Ukiingia ofisi za Kilimani, Westlands na Karen, kutozwa kati ya 4,000 na 6,000 ni jambo la kawaida, na wapo wanaodai zaidi ya hapo. Daktari wa magonjwa ya akili, ambaye ndiye anayeweza kukuandikia dawa, kwa kawaida huwa ghali kuliko hao wote. Mama aliyetoka kwenye nyumba ya kipigo na watoto wawili na mkoba mmoja akitajiwa bei hizo, hukata simu. Na kusema kweli, hana haja ya kuanzia huko.

Msimamo wangu ni kwamba pesa zitumike mwisho. Matibabu, ushahidi, wakili, hata vikao vya kwanza vya ushauri, vyote vina milango ya bure, na baadhi ya milango hiyo inaijua kazi hii kuliko ofisi zenye zulia na chemchemi ya maji mezani. Anachouza hasa mshauri wa kulipia ni mwendelezo: mtu yule yule, saa ile ile, wiki baada ya wiki, ili usilazimike kuanza upya kusimulia kila ukifika. Kwa mwenye kiwewe hiyo si anasa. Lakini jua kwamba hicho ndicho unachonunua. Huruma haiongezeki kadiri bei inavyopanda.

Tuanze na simu. Namba 1195 hupigwa bure, mchana na usiku, na anayepokea hukuelekeza hospitali au kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Kituo cha Gender Violence Recovery Centre cha Nairobi Women's Hospital kilifunguliwa mwaka 2001, na huwatibu na kuwashauri manusura bila malipo. Hospitali ya Kenyatta ina kitengo chake, na Mombasa kipo cha Coast General, ambacho watu wa Pwani wamekitegemea tangu 2007. Hospitali nyingi kubwa za kaunti nazo zimetenga angalau chumba na muuguzi aliyefunzwa.

Ukifika huko siku ile ile ya tukio, mambo huenda kwa saa, si kwa siku. Kama kulikuwa na ubakaji, dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinafaa zikianzwa ndani ya saa 72, na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ndani ya saa 120. Muuguzi atajaza fomu ya huduma baada ya ubakaji, yenye nakala zake, na polisi watakupa fomu ya P3 ya ripoti ya daktari, ambayo haiuzwi. Ukiombwa hela ya fomu, muulize anayeiomba jina lake na cheo chake kwa sauti ya kusikika; dawa hiyo ndogo hufanya kazi mara nyingi. Kabla ya kwenda, usioge wala kufua nguo ulizokuwa umevaa, na uzibebe kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi.

Baada ya hapo huja mshauri wa hospitali, na hapa udhaifu wa bure hujitokeza. Vikao huwa vichache. Aliyekusikiliza Jumanne huenda Jumanne ijayo asiwe zamu, ukakuta mgeni aliyeshika faili lako na kukuuliza, "Ehe, mama, shida ilikuwa nini?" Foleni hula asubuhi nzima, na anayeishi kwa vibarua hupoteza ujira wa siku. Hiyo nayo ni bei, ila haimo kwenye risiti.

Kuhusu wakili: FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa 1985, huwasaidia wanawake wasio na uwezo bila kuwatoza. Watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 haihusu ngumi peke yake. Inatambua pia matusi, kufuatwafuatwa na kunyimwa pesa za matumizi, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia mdhulumu asikusogelee. Naitaja hapa kwa sababu ya hesabu: kulipa vikao kumi vya kutuliza hofu huku unayemwogopa bado ana ufunguo wa mlango ni kutupa hela.

Kati ya bure na ghali kuna ngazi ambayo wengi huiruka. Vituo vya kufunza washauri, kama Amani Counselling Centre ya Nairobi, pamoja na baadhi ya vyuo vikuu vyenye idara za saikolojia, huwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho nafasi ya kuwasikiliza watu chini ya usimamizi wa mkufunzi, kwa ada nafuu au kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Wengi hukunja uso wakisikia neno mwanafunzi. Mimi ningempendelea huyo kuliko mtaalamu wa jina asiyesimamiwa na mtu. Mwanafunzi kila wiki hukaa na mkufunzi wake wakapitia kazi yake. Mwenye ofisi ya peke yake huenda hana wa kumrekebisha.

Kama unadhani nafuu maana yake ni hafifu, kuna utafiti uliofanyika vitongojini Nairobi na kuchapishwa 2017. Wanawake 421 wenye msongo, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata vikao vitano vya dakika 90, kimoja kila wiki, vikiendeshwa na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa mpango wa Shirika la Afya Duniani: namna ya kutuliza mwili kwa pumzi, kuligawa tatizo vipande vinavyobebeka, kurudia shughuli zilizoachwa na kutafuta wa kuegemea. Lingine lilipata huduma ya kawaida ya wauguzi. Miezi mitatu baadaye, msongo wa waliohudumiwa na wahudumu hao ulikuwa umepungua kuliko wa wenzao. Hakuna mhudumu aliyekuwa na digrii ya saikolojia.

Mashariki mwa Kongo, katika vijiji kadhaa, manusura wa ukatili wa kingono walipewa tiba ya kuyachunguza mawazo yanayowalaumu wao wenyewe, wakiifanya kwa kikundi. Matokeo yalichapishwa 2013. Miezi sita baada ya tiba, asilimia 9 ya waliokuwa kwenye vikundi ndio waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa. Kwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, ilikuwa asilimia 42. Basi ukiambiwa kuna nafasi kwenye kikundi, usikatae kwa kuwa ni cha wengi. Uliza tu ni akina nani, na kama yupo anayemjua shemeji yako.

Wakati wa kumlipa mtu ukifika, kwa kawaida ukiwa umeshatulia mahali salama lakini usingizi hauji na mlango ukigongwa unaruka, piga simu kabla ya kwenda. Dakika tano za simu ni bure na hufichua mengi. Sema waziwazi: "Dada, mimi nilikuwa napigwa na mume wangu. Huwa unawahudumia watu kama mimi?" Mmoja atakujibu, "Pole sana. Ndiyo. Kwanza niambie, hapo ulipo uko huru kuongea?" Mwingine atasema, "Pole, mama. Basi siku ya kwanza njoo na mzee, niwasikilize wote wawili." Huyo wa pili mshukuru, ukate simu. Kumkalisha anayepigwa na anayempiga sebule moja wakati kipigo hakijakoma ni kumwalika mmoja aseme ukweli kisha alipie nyumbani. Hata kanisani na msikitini, ambako ushauri ni wa bure na mara nyingi wa upendo wa kweli, kasoro huwa hapo: lengo ni kuiokoa ndoa, nawe unakuja kuokoa mwili. Kiongozi wa dini akusindikize kwa sala na dua, ila mpango wa usalama upangwe na wanaoujua.

Uliza pia namba yake ya usajili. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kuwasajili, na anayenuna ukimuuliza amekwisha kujijibia. Wanaojiita makocha wa maisha hawamo humo, hata wawe na wafuasi wengi kiasi gani mitandaoni. Kisha uliza anatumia njia gani kutibu kiwewe. Huhitaji kuyaelewa majina yote. Sikiliza tu kama ana mpango. Jibu la "tutazungumza tu tuone" linafaa kwa huzuni ya kawaida, si kwa mtu anayeota kipigo kila usiku. Na mtu mzuri hatakulazimisha usimulie yote siku ya kwanza. Ataanza kwa kukufundisha kutulia.

Sasa hesabu, na hizi ni za mfano. Chukua vikao 12. Kwa 4,000, ni 48,000. Kwa 1,500 ya kituo cha mafunzo, ni 18,000. Ongeza nauli ya matatu ya 200 kwenda na kurudi, unapata 2,400 zaidi kwa kila chaguo. Kwa hiyo tofauti ya 30,000 iko mikononi mwako, na katika mitaa mingi ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Kwa mama anayeanza maisha upya, chumba chenye kufuli ni sehemu ya tiba. Lakini ukiona kituo cha bei nafuu kinakubadilishia mshauri kila mara, lipa ile 4,000, hata kama ni mara mbili tu kwa mwezi.

Waulize pia washauri wa kulipia kama wana nafasi za ada pungufu. Wengi wanazo, ila hawazitangazi.

Njia ya malipo nayo ina siri zake, na kwa anayeishi bado na mdhulumu ni hatari kuliko bei yenyewe. Ukilipa kwa M-Pesa, jina la kliniki hubaki kwenye ujumbe na kwenye taarifa ya akaunti. Toa pesa kwa wakala, ulipe taslimu. Ujumbe utataja wakala peke yake. Kama bima yako iko chini ya kadi ya mume, uliza kwanza nani hupokea taarifa ya matumizi, kwani huenda ujumbe ukamfikia mwanachama mkuu kabla hujatoka kliniki. Bima yako mwenyewe ni jambo jingine: sheria ya afya ya akili iliyorekebishwa 2022 inakataza kampuni za bima kumbagua mtu kwa ugonjwa wa akili, japo vikomo na vibali vya awali utavikuta.

Vikao vya simu au video huokoa nauli na humfaa aliye mbali na mji. Vinahitaji mlango unaofungika na simu isiyokaguliwa. Kama huna viwili hivyo, kaa ndani ya gari la rafiki, au ofisini baada ya saa za kazi, na mkubaliane na mshauri neno la kawaida, kama "mafuta yameisha", la kumwambia akate mara moja.

Baada ya kikao cha tatu, jipime. Mambo hayatakuwa mepesi bado. Wiki za mwanzo huchokoza mengi. Lakini kama unatoka ukijiona mjinga, ukilaumiwa kwa kukaa au kwa kuondoka, badilisha mshauri. Si lazima uanze na ukurasa mtupu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako, hivyo mwombe muhtasari wa maandishi umpelekee wa pili, na umwambie utaupokea mkononi, si kwa barua pepe.