Kiwiko Kilichovimba Hakikandwi



Majira ya baridi hapa Sterling huleta adui ambaye wengi wetu hatukukua naye, nayo ni barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami. Mtu atokapo alfajiri kwenda msikitini, au kwenye zamu yake ya uwanja wa ndege wa Dulles, huteleza, na mwili wenyewe hutanguliza kiganja. Kishindo chote hupanda mkononi hadi kiwikoni. Watoto hawangoji barafu. Wao huanguka kutoka kwenye vyuma vya kuning'inia vya viwanja vya michezo, kama sisi tulivyoanguka kutoka juu ya mwembe.

Kiwiko, ambacho baadhi yetu hukiita kisugudi, ni makutano ya mifupa mitatu: mmoja wa mkono wa juu na miwili ya kigasha. Mbele yake hupita mshipa mkubwa wa damu. Nyuma yake, karibu kabisa na ngozi, hupita neva iendayo kwenye kidole cha mwisho na jirani yake. Ndiyo ile ambayo ukiigonga hukupiga kama umeme.

Kwa watoto, hasa wa miaka 5 hadi 7, mfupa wa mkono wa juu huvunjika kwa urahisi pale juu kidogo ya kiwiko, na uvimbe huweza kuzuia damu. Daktari wa Kijerumani, Richard von Volkmann, alieleza mwaka 1881 jinsi misuli ya kigasha inavyokufa ikinyimwa damu, hata vidole vikajikunja kama makucha. Madhara hayo huanza katika saa chache tu. Mtoto ambaye maumivu yake yanazidi, ambaye hulia akinyooshwa vidole, au ambaye vidole vyake vimepoa, vimepauka au vimekufa ganzi, hangojwi hadi kuche. Pigeni 911. Dalili hizo zikitokea baada ya kufungwa plasta, rudini hospitali usiku huohuo.

Kwetu, mkono ukiumia, mafuta ya nazi hupashwa moto na mkandaji akaitwa. Tunawaheshimu wazee hao, na mgongo uliochoka hupata faraja mikononi mwao. Lakini kiwiko kilichovimba hakikandwi. Kukanda husogeza mfupa uliovunjika, na huweza kuifanya misuli iliyojeruhiwa iote mfupa ndani yake, kiwiko kikakaza daima. Vijiti vilivyofungwa kwa kukazwa navyo hukata damu. Mkono usiokunjika haufiki kinywani wala haufungi ushungi.

Fanyeni hivi: vueni bangili na pete, ufungeni mkono kwa kanga kama mlivyoukuta bila kuunyoosha, wekeni barafu iliyoviringwa kitambaani, na msimpe mgonjwa chakula, kwani huenda akahitaji kulazwa usingizi wa dawa.

Wengine huchelewa kwa kuogopa gharama. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 huzilazimisha hospitali zenye vyumba vya dharura, zinazopokea malipo ya Medicare (nazo ni karibu zote), kumpima mgonjwa wa dharura na kumtuliza bila kujali uwezo wake wa kulipa. Bili itakuja, hatusemi haitakuja. Lakini bili hujadiliwa, misuli iliyokufa haijadiliwi. Ombeni pia mkalimani, hamlipishwi.

Yuko pia mtoto wa mwaka 1 hadi 4 aliyevutwa mkono ghafla katika haraka za asubuhi. Kano izungukayo kichwa cha mfupa mmoja wa kigasha huteleza, naye huuning'iniza mkono bila uvimbe wowote. Daktari hurekebisha kwa muda mfupi sana. Atauliza mtoto aliumiaje. Kila mzazi huulizwa. Elezeni kama ilivyokuwa. Na mtoto anyanyuliwe kwa makwapa, si kwa viganja.

Kwa watu wazima wabebao mizigo, wasafishao vyumba au wakandao unga kila siku, maumivu ya upande wa nje wa kiwiko huitwa ya wachezaji tenisi, ingawa wengi wayapatao hawajawahi kushika raketi. Hayo huhitaji kupunguza kazi iumizayo na mazoezi yaelekezwayo na mtaalamu.

Mwenye plasta asiivue kwa ajili ya udhu. Hupangusa juu yake kwa maji, na mwenye shaka amuulize imamu. Ikiondolewa, mazoezi ya kukunja na kukunjua yaanze siku ile daktari aliyoitaja, hata yakiuma kidogo.