Wastani wa bonasi ya chai huficha mengi

BONASI ya majani chai ilipotangazwa mwaka 2025, wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana wakilalamika kwamba malipo yao yalikuwa duni kuliko ya wenzao wa mashariki ya Bonde la Ufa. Katika mijadala ya aina hiyo neno wastani hutajwa sana, pengine bila kuelezwa.

Mathalani, wakulima watano wafikishe kituoni kilo 10, 12, 14, 15 na 99. Jumla ni 150; ikigawanywa kwa tano, wastani ni kilo 30. Lakini wanne kati yao hawakufikisha hata 16! Mwenye shamba kubwa ndiye aliyeuvuta wastani juu. Ndiposa wanatakwimu hupanga nambari kuanzia ndogo hadi kubwa, wakaangalia iliyo katikati. Hapa ni 14, nayo yakaribia hali halisi ya kituo.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulibaini. Kila kampuni ya kiwanda chini ya KTDA ina hesabu zake, hivyo bonasi hutofautiana. Ikiwa kiwanda kimoja kitalipa Sh50 kwa kilo na kingine Sh20, wastani wa haraka ni Sh35, kiasi ambacho hakuna mkulima aliyekipokea. Iwapo hicho cha pili kilinunua majani mara tatu ya cha kwanza, hesabu hubadilika: Sh50 mara moja na Sh20 mara tatu ni Sh110 kwa kilo nne, yaani Sh27.50. Kwa mwenye kilo 5,000 kwa mwaka, tofauti ya makadirio hayo mawili ni Sh37,500.