Paipu Mbovu Isifukiwe

Katika nchi za baridi, kama Korea na Ujerumani, nyumba nyingi hutiwa joto kwa chini. Paipu za plastiki hutandazwa sakafuni, hufunikwa kwa zege, kisha maji ya moto hupitishwa ndani yake. Sisi wa Makoongwe hatuna haja ya sakafu ya moto, kwani jua latutosha. Lakini paipu za maji ya kunywa nazo hufukiwa ardhini au huzikwa katika saruji, na kanuni ya mafundi wa huko yatufaa na sisi: paipu ikaguliwe kabla ya kufunikwa, kwa sababu baada ya hapo haionekani tena.

Yafaa tufahamu kwanza hasara ya tundu dogo. Tundu litoalo lita moja kila dakika tano hupoteza lita 288 kwa siku, yaani zaidi ya madumu 14 ya lita 20. Kwa kisiwa kidogo kisicho na mto, hayo si maji ya kudharau. Hasara ya pili ni kubwa zaidi. Maji yakiwa na nguvu ndani ya paipu, huvuja kwenda nje. Lakini maji yanapokatwa, nguvu hiyo hupungua, na paipu huweza kufyonza maji machafu yaliyoizunguka kupitia tundu lile lile. Maji yakirudi, uchafu huo hufika kwenye kata na kikombe. Kipindupindu na homa ya matumbo huweza kuenea kwa njia hiyo.

Paipu huumia kwa sababu nyingi: kuburutwa juu ya mawe makali, kupigwa na chepe, kuchomwa na msumari, au kupindwa kwa nguvu hata ikajikunja. Basi siku ya kuitandaza, fundi huipitia yote kwa macho na kwa mkono. Mchubuko usiozidi sehemu ya kumi ya unene wa ukuta wa paipu huachwa. Ukizidi hapo, kipande hicho hukatwa. Paipu iliyojikunja nayo hukatwa, hata kama haijatoboka, maana pale ilipokunjika imedhoofika. Ipo plastiki ya namna ya pekee, itumiwayo katika sakafu za moto, ambayo ikipulizwa hewa ya moto hurejea umbo lake. Paipu nyeusi za kawaida hazina tabia hiyo.

Kuunga ni hivi. Kwanza, mkato uwe umenyooka, usiwe wa mshazari. Pili, ondoa makali kwa kisu na ufute mchanga, kwani chembe moja ikibaki katika kiungo, maji hupata njia. Tatu, tia alama kuonyesha paipu itaingia kiasi gani, isukume mpaka kwenye alama, kisha kaza kiungo.

Watu wengi hufunga tundu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, au huipasha paipu juu ya moto na kuichomeka ndani ya nyingine. Dawa hiyo huweza kufaa kwa siku moja mahali pa wazi, ambapo kila mtu huiona. Chini ya saruji haifai, kwani mpira huoza na plastiki iliyochomwa huwa dhaifu.

Mwisho ni jaribio. Jaza maji, toa hewa yote, ziba ncha, kisha kwa pampu ya mkono yenye saa ya kupimia tia nguvu mara moja na nusu ya ile ya kawaida. Tangi lililo juu mita 10 hutoa nguvu ya kilo 1 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Hapo jaribio liwe kilo 1½. Mshale hushuka kidogo mwanzoni kwa kuwa plastiki hutanuka; ongeza tena, halafu ungoje saa moja. Mafundi wa sakafu za moto huiacha paipu na nguvu hata wakati wa kumwaga zege, ili ikitobolewa ijulikane papo hapo. Nao huchora ramani ya kila kiungo, kikiwa kimepimwa toka kuta mbili.

Wenzangu, kungoja saa moja ni kazi nyepesi kuliko kuvunja sakafu, na ni nyepesi mno kuliko kumvusha mgonjwa wa kipindupindu kwa mashua hadi Mkoani.