Stima Ikirudi na Vifaa Vikikataa: Uliza Maswali Haya Kabla ya Kutuma Pesa

Mteja wetu, kama unakaa Nyaramba, au popote kule Nyamira na Kisii, hatuna haja ya kukueleza radi ni nini. Asubuhi ni jua, saa nane mawingu yanajikusanya, saa tisa mvua na ngurumo. Unyevu wa Ziwa Victoria hupanda hadi milima ya Gusii, na ndiyo maana eneo hili ni kati ya sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi. Stima hupotea, halafu hurudi ghafla na nguvu nyingi. Ikirudi, mara nyingi kuna kitu ndani ya nyumba ambacho hakirudi nayo.

Leo tunataka kuzungumzia ile nusu saa ya kwanza baada ya vifaa kukataa. Umeudhika, watoto wanalia TV, na mtu anakuambia tuma pesa haraka. Hasara ya radi huishia kwenye kifaa. Hasara ya haraka huingia kwenye simu yako.

Jumamosi moja, vifaa vinne

Mwezi wa kumi timu yetu ilikuwa Nyaramba, nyumbani kwa mwenzetu mmoja. Mama yake ana kaduka kando ya barabara na huuza maziwa na soda baridi kutoka kwa friji moja. Bonasi ya chai ilikuwa imeingia juma hilo, na alikuwa ameiacha kwenye simu akingoja karo ya Januari.

Radi ilipiga mara mbili, stima ikapotea kama dakika ishirini. Iliporudi, friji ilikuwa kimya. TV ilitoa sauti lakini kioo kikabaki cheusi. King'amuzi kilinuka moto. Chaja nayo haikuwaka tena.

Jirani akapiga simu kwa fundi mmoja. Fundi hakuuliza mengi.

"Mama, hiyo friji ni kompresa imekufa. Ni elfu tisa. Tuma elfu nne sasa hivi nikuwekee, ziko chache."

"Umejuaje ni kompresa na hujaiona, kijana wangu?"

"Mama, mimi hii kazi nimeifanya miaka mingi. Tuma tu kwa hii namba."

Tulipoingiza ile namba, jina lililotokea halikuwa la fundi. Akasema ni ya shemeji yake. Mama akatuangalia, akaweka simu mezani. "Wacha kwanza ninywe chai," akasema.

Chai hiyo iliokoa karo. Tulichomoa plagi ya friji, tukaifungua kwa bisibisi, tukapata fyuzi ndogo ya ndani imeungua. Fyuzi mpya ya ampea 13 kutoka duka la vifaa vya stima haikufika hata bei ya kilo moja ya sukari. Friji ikanguruma. Maziwa yalikuwa bado baridi, kwa sababu hakuna aliyeruhusiwa kufungua mlango.

Mambo ya kuangalia kabla ya kuita fundi

Si kila mara utakuwa na bahati hiyo. Lakini vipimo hivi ni vya bure, na vitakusaidia kuongea na fundi ukijua unachosema.

Soketi: chomeka kitu kingine unachojua kinafanya kazi. Kikikataa pia, shida iko kwenye soketi au waya za nyumba. Kama nyumba nzima ni giza na kwa jirani kuna mwanga, angalia kama tokeni zimeisha.

Fyuzi: plagi zetu za miguu mitatu huwa na fyuzi ndani. Chomoa plagi kabla ya kuifungua, na weka fyuzi ya kiwango kilekile. Usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pa fyuzi, hapo unaalika moto.

Rimoti: ielekeze kwenye kamera ya simu na ubonyeze kitufe. Kwa simu nyingi utaona kataa kakimetameta kwenye skrini. Kakiwaka, rimoti ni nzima.

TV yenye sauti bila picha: zima taa za chumba, mulika kioo kwa tochi ukiwa karibu. Ukiona picha hafifu, kuna uwezekano mkubwa ni taa za nyuma ya kioo zilizoungua, na hizo hubadilishwa. Usikubali upesi kuambiwa kioo kizima kimekufa.

Friji: stima ikirudi, ngoja angalau dakika tano kabla ya kuiwasha, ili kompresa ipumue. Ukiacha mlango umefungwa, chakula hukaa baridi kwa takriban saa nne.

Kifaa kinachonuka moto, kama kile king'amuzi, usikijaribu tena. Chomoa, weka kando.

Sasa tuje kwa pesa

Fundi mzuri ni mali. Tunao wengi, na wengi wao ni waaminifu. Malipo yaliyo wazi humlinda yeye pia. Fanya hivi:

1. Apime kwanza, alipwe baadaye. Ada ndogo ya kuangalia kifaa ni halali, mkubaliane kabla. Pesa ya vipuri isitoke kabla hajakionyesha kilichoharibika.

2. Omba bei kwa maandishi. SMS inatosha: kifaa, ubovu, bei, siku ya kumaliza. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati, na makadirio ya bei kabla ya kazi ni kati ya mambo inayoyagusa. Hata Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inakupa haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro.

3. Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina lisipolingana, simama. Mtu akishatoa pesa, kuirudisha ni vigumu sana, hata sisi tukitaka kukusaidia.

4. Fundi akiwa na nambari ya Till, itumie. Jina la biashara litaonekana, na kwa kawaida mteja hakatwi ada.

5. Usifute ujumbe wa malipo. Nambari ya muamala, tarehe na kiasi ndio ushahidi wako kifaa kikiharibika tena baada ya wiki. Piga picha ya skrini, mtumie mtu unayemwamini.

6. Usikope kwa hasira. Mkopo wa simu una ada, na TV inaweza kungoja hadi Jumatatu. Friji ya biashara ni hesabu nyingine: linganisha faida ya siku na gharama ya mkopo kabla ya kubonyeza kukubali.

Kwa upande wa TV, Mama alitafuta fundi wa pili pale sokoni. Huyu alimulika tochi mbele yetu, akaandika shilingi 2,800 kwa SMS, akapokea nusu kupitia Till na nusu nyingine TV ilipowaka. King'amuzi alisema wazi hakitengenezeki, asipoteze pesa. Chaja ikanunuliwa mpya. Bonasi ilipungua kidogo tu, na karo ikabaki mahali pake.

Na kabla ya mvua ijayo

Ukisikia ngurumo ya mbali, chomoa TV, king'amuzi, chaja na friji kutoka kwenye soketi. Kuzima swichi pekee hakutoshi kwa radi. Chomoa pia waya wa antena, kwa sababu radi hupitia huko. Ngurumo zikishafika juu ya nyumba, usiguse tena plagi wala waya, ngoja zipite. Kifaa cha kukinga friji na TV dhidi ya stima inayopanda na kushuka kinasaidia kwa siku za kawaida, ila radi ikipiga karibu, kinga ya uhakika ni plagi iliyochomolewa mapema.

Weka akiba kidogo kando kila mwezi kwa ajili ya fundi, hata shilingi mia. Halafu hifadhi kwenye simu namba ya fundi mmoja uliyemjaribu, kwa jina lake kamili kama linavyotokea unapomlipa. Siku stima ikirudi vibaya, hutahitaji kuuliza shemeji ni nani.