TANA, MTO USIOPENDA KUNYOOKA

Mwenye kuitazama ramani ya Kenya ataona kwamba Mto Tana haukuchagua njia ya mkato. Unaanzia katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, unauzunguka mlima huo kwa kusini na mashariki, unaelekea kaskazini mashariki hadi kwenye mbuga za Meru na Kora, kisha unageuka kusini. Hapo unapita Garissa, Bura, Hola na Garsen, na mwisho unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi hapo Kipini, kwenye Ghuba ya Ungwana. Safari hiyo ni ya kilomita 1,000 hivi, na hakuna mto mrefu kuliko huo katika nchi yetu.

Baada ya Garissa nchi ni tambarare kama jamvi, na hakuna mto mwingine wa kudumu unaoingia humo. Kuna malaga tu, ambayo hupata maji siku za mvua na kukauka. Tana unapofika hapo ukiwa umebeba udongo mwekundu wa milimani hupunguza mbio zake na kuanza kujipinda kama nyoka. Maji hula ukingo wa nje wa kila kona, na ukingo wa ndani hutua mchanga. Kona huzidi kubinuka hata ncha zake mbili zikakaribiana. Ikija gharika moja kubwa mto hukata pale katikati, na kona ya zamani hubaki kuwa ziwa. Ziwa Shakababo, karibu na Ngao, ni la namna hiyo, na watu huvua samaki humo.

Basi asidhani mtu kwamba mizingo hiyo ni ya bure. Kila mahali mto ulipohama umeacha udongo wenye rutuba, na Wapokomo wamelima juu ya rutuba hiyo tangu zama za mababu: migomba na miembe kwenye kingo zilizoinuka, mpunga kwenye mabonde yanayofunikwa na maji ya mafuriko. Waorma nao huteremsha ng'ombe wao wakati wa kiangazi ili wapate majani mabichi, na njia za mifugo kufikia maji huitwa malka. Njia hizo zikizibwa kwa mashamba, au mashamba yakikanyagwa na mifugo, huwa balaa. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa katika mapigano ya jamii hizi mbili, ambazo kwa miaka mingi zimekunywa maji ya mto mmoja.

Mto huu umewashinda wengi waliotaka kuuamrisha. Katika karne ya 19 mdomo wake haukuwa Kipini, ulikuwa mbali zaidi kusini. Watu wa utawala wa Witu walichimba mfereji mdogo uitwao Belezoni, kuunganisha Tana na mto mfupi wa Ozi, ili mitumbwi ipite. Walichimba njia ya mitumbwi, lakini mto ukaiona ni njia yake. Uliupanua mfereji ule mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwisho wa karne maji mengi ya Tana yalikuwa yakitokea Kipini. Ndiyo maana leo tunakwenda kuutazama mdomo wa Tana katika nchi ambayo masimulizi yasema Fumo Liyongo amezikwa, huko Ozi.

Hola nako kuna kisa. Mradi wa kumwagilia mashamba ulianza huko mwaka 1953, na mahabusu wa enzi ya Mau Mau walilazimishwa kufanya kazi. Tarehe 3 Machi 1959 mahabusu 11 walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi hiyo, na serikali ya kikoloni ikatangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Yaani maji yalisingiziwa uuaji! Baada ya uhuru mradi uliendelea, hata mwaka 1989 Tana ukahama mkondo wake, ukaziacha pampu za Hola zimekaa pakavu. Mashamba yakafa, na ikapita miaka mingi kabla ya kufufuliwa.

Wanyama nao wanaishi kwa hisani ya mizingo hiyo. Mamba na viboko ni wengi, lakini sifa ya Tana ni mbega wake mwekundu, na yule kima mwenye kishungi kichwani. Wote wawili hawapatikani popote pengine duniani ila katika vipande vya msitu vilivyoshika kingo za Tana ya chini, na hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Msitu huo ni mwembamba. Ukitoka mtoni mwendo mfupi tu unakatika, unakutana na vichaka vya miba. Miti yake hunywa maji yanayopenya chini ya ardhi, na miche yake huota mahali gharika ilipoacha udongo mpya.

Sasa tutazame juu. Kindaruma lilikamilika 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Mabwawa hayo matano yametupa umeme, na bwawa la Ndakaini, juu ya Mto Thika unaoingia Tana, lanywesha Nairobi tangu 1994. Hapana mwenye akili atakayesema tuzime taa. Lakini bwawa huzuia udongo pamoja na maji, na hupunguza yale mafuriko ya kawaida ya mara mbili kwa mwaka ambayo mpunga na msitu huyangojea. Gharika kubwa haizuiliki: tuliiona 1961, 1997, 2018 na 2024, ikiwahamisha maelfu. Hivyo mtu wa chini hukosa maji ya heri, na ya shari humfikia.

Na huko mdomoni, mto unapopungua nguvu bahari hupanda. Wakulima wa Ozi wamelia kwamba maji ya chumvi yameingia katika mashamba yao ya mpunga na kuua miti ya matunda. Nchi ya delta iliandikishwa mwaka 2012 miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, lakini maandishi hayazuii chumvi.

Wimbo wetu wa taifa ulichukua lahani yake kwa Wapokomo, katika wimbo ambao mama humbembelezea mtoto. Kila tusimamapo kuuimba, tunasimama kwa sauti iliyotoka kando ya Tana. Kwa hiyo anayepanga bwawa jingine huko juu, kabla hajafungua ramani yake, na ashuke kwanza Ozi akaonje maji.