Walioandikishwa na Waliojifunza

Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Manitoba nchini Kanada kilianzisha kozi ambayo walimu wake wawili, George Siemens na Stephen Downes, waliamua kutoifungia mlango. Wanafunzi wapatao 25 walilipa ada na kusomea alama. Wengine zaidi ya 2,200 waliingia bure kutoka kila pembe ya dunia, wengi wao wakiwa walimu. Kitabu cha kiada hakikuwepo, wala ukumbi mmoja wa kukutania. Kila mtu aliandika pale alipozoea kuandika na kusoma kile kilichomvutia. Downes alikuwa na programu aliyoitunga mwenyewe iliyookota maandishi hayo yaliyotapakaa, ikayatuma kwa wote kila siku kwa barua pepe. Dave Cormier, wa Chuo Kikuu cha Kisiwa cha Prince Edward, ndiye aliyezipa kozi za namna hii jina lililoshika hadi leo, MOOC, kifupisho cha Kiingereza cha kozi huria ya mtandaoni kwa umma mkubwa.

Kozi hiyo ilifundisha nadharia, na wakati huohuo ilikuwa jaribio la nadharia yenyewe. Siemens alikuwa ameiandika mwaka 2004 na kuiita konektivisimu. Alidai kwamba nadharia tulizosomeshwa vyuoni, ile ya tabia, ile ya utambuzi na ile ya mwanafunzi kujijengea maarifa, zote zilizaliwa kabla ya intaneti, na kwa sababu hiyo zinatafuta kujifunza ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Kwake yeye maarifa yamo katika miunganiko: mtu na mtu, mtu na kitabu, mtu na mashine. Anayejifunza ni yule anayeunda viungo hivyo, anayevitunza na anayejua kipi kimeshapitwa na wakati. Mholanzi Pløn Verhagen alijibu mapema kwamba hii si nadharia ya kujifunza hata kidogo, ni maoni tu kuhusu namna ya kufundisha. Ubishi huo ninawaachia wanaoupenda. Kinachonivuta ni yale yaliyotokea mpango ulipokutana na watu.

Miongoni mwa walioingia katika kozi ile walikuwa Jenny Mackness, Sui Fai John Mak na Roy Williams, ambao baadaye, mwaka 2010, walichapisha utafiti juu ya wenzao. Walichukua nguzo nne ambazo waandaaji walijivunia, yaani uhuru wa kujiamulia, watu wa aina nyingi, uwazi na mwingiliano, kisha wakawauliza washiriki zilivyowafaa. Matokeo yake yangepaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayopanga mafunzo ya walimu: kadiri nguzo hizo zilivyoongezeka, ndivyo kujifunza kulivyoweza kukwama kwa kukosa mpangilio, msaada na mtu wa kusimamia mazungumzo. Washiriki wengine walipotea katika wingi wa maandishi. Wengine walikerwa na lugha ya ukali katika majadiliano, wakajitoa kimyakimya. Mlango ulikuwa wazi kweli, lakini aliyeingia hakujua akae wapi.

Kozi nyingine ya akina Siemens na Downes mwaka 2010 iliandikisha watu zaidi ya 1,600. Mtafiti Rita Kop na wenzake walipowahesabu waliokuwa wakichangia mara kwa mara, waliwapata kati ya 40 na 60. Miaka miwili baadaye vyuo vikubwa vya Marekani vililichukua jina la MOOC na kuliacha wazo lenyewe. Kozi ya kwanza ya jukwaa la mtandaoni la edX, iliyohusu saketi za umeme, ilipata waliojiandikisha takriban 155,000, na waliofaulu wakawa zaidi kidogo ya 7,100. Jukwaa la kuulizana maswali lilikuwepo, lakini mtandao wa watu haukuwa tena kozi yenyewe. Kiini chake kilikuwa video na majaribio. Ila hesabu ya kujipongeza ilikuwa ileile, na ndiyo inayopendwa katika ripoti za miradi popote pale: wangapi wameandikishwa.

Afrika Mashariki haikuanza jana kuwaunganisha walimu. Kenya ilikuwa na vituo vya ushauri na walimu washauri waliozunguka shuleni miaka mingi kabla ya simu za mkononi. Tanzania nayo miaka ya 1990 ilijengewa vituo vya walimu kwa fedha za wafadhili, kila kimoja kikihudumia shule kadhaa za jirani. Kwenye mpango, mwalimu alitoka shuleni kwake, akafika kituoni, akakuta vitabu na wenzake wa somo lake, wakachonga zana pamoja. Kwenye utekelezaji nauli ilikuwa yake, mratibu wa kituo alikuwa ameitwa wilayani, na vitabu vilikuwa vimefungiwa kabatini visije vikachanika. Fedha za mradi zilipokauka, vituo vingi vilibaki majengo. Vingine vikageuka ofisi, vingine stoo.

Sasa tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Moyo wake ni jumuiya za ujifunzaji: walimu wa shule moja au shule za jirani wakae, wachambue mada inayowashinda, warudi darasani, kisha wakae tena. Siemens angetikisa kichwa kwa kukubali. Moduli zipo mtandaoni, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa kwa walimu. Nauheshimu mpango huu kuliko mingi niliyoisoma, kwa sababu unaanzia shuleni na hauanzii hotelini. Lakini nenda ukakae kwenye kikao. Ni saa nane na nusu, watoto wametawanyika, jua bado kali. Mwalimu ana rundo la madaftari hayajasahihishwa, na jana yake alipoteza bando lake akijaribu kufungua moduli iliyogoma kufunguka. Anayeongoza ana fomu mbele yake: tarehe, mada, idadi ya waliohudhuria, sahihi. Mara nyingi fomu hujazwa vizuri kuliko kikao kinavyofanyika.

Wakati huohuo upo mtandao ambao hakuna aliyeuandikia andiko la mradi. Umo kwenye simu za walimu, makundi ya WhatsApp ya somo kwa somo. Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza, makundi hayo yalifurika. "Habari za jioni walimu, naomba azimio la kazi la darasa la tatu." "Mwenye andalio la somo jipya atutumie, Mungu atambariki." Saa moja haipiti, faili linashuka. Juu kabisa bado lina jina la shule ya mkoa mwingine, na wapo wanaolichapa na kulipeleka kwa mwalimu mkuu likiwa na jina hilohilo. Hapa ndipo ninapogombana na konektivisimu ikisomwa kijuujuu. Kiungo kipo, habari imesafiri kutoka Mbeya hadi Mtwara, na hakuna aliyejua jambo jipya.

Lakini nimeona pia kundi la walimu wa hisabati ambako mambo huenda kwa namna nyingine. Mwalimu mmoja alituma picha ya ukurasa wa daftari la mtoto. Hesabu ilikuwa 302 kutoa 178, na mtoto ameandika 276. Mwalimu aliandika tu, "Nimefundisha kukopa wiki nzima, nimechoka." Wa kwanza kujibu alisema mtoto hajazingatia. Wa pili akasema hapana, amezingatia sana, mtazameni: kila safu amechukua tarakimu kubwa akatoa ndogo. Nane toa mbili, sita. Saba toa sifuri, saba. Tatu toa moja, mbili. Mtoto ana kanuni yake na ameifuata bila kukosea. Mwingine akauliza kama mtoto huyo amewahi kuifanya hesabu hiyo kwa mafungu ya njiti. Mwingine akashauri aambiwe ana shilingi 302 na anadaiwa 178, je, atabaki na 276 kweli? Mjadala ukaendelea hadi usiku, na hapakuwa na faili hata moja. Waliozungumza hawakufika kumi katika kundi la zaidi ya watu mia. Siku chache baadaye akajitokeza mwanachama ambaye hajawahi kuandika neno, akatuma picha za madaftari ya darasa lake mwenyewe: kosa ni lile lile, na safari hii ameliona.

Ndiyo maana ninasita wanaonyamaza wanapohesabiwa kuwa hasara. Kop naye alikuta kwamba wengi wa wale wasiochangia walikuwa wakisoma na kuyatumia waliyoyasoma. Mwalimu mgeni kazini huchelewa kusema mbele ya wakubwa zake, ni adabu na ni woga pia, na hilo halimzuii kusikiliza.

Kundi lile la hisabati halikujiendesha. Lilikuwa na mwenyewe, mwalimu wa kike aliyekaribia kustaafu, ambaye wote humwita Madam hata wanaomzidi cheo. Kanuni yake ilikuwa moja: picha ya kazi ya mtoto kwanza, faili baadaye. Aliyetangaza mikopo au mafuta ya nywele alionywa faraghani, akirudia anatolewa. Swali likikaa bila jibu hadi jioni, alimtaja mtu kwa jina: "Mwalimu wa Kasulu, hili uliwahi kulisema, tusaidie." Kile ambacho akina Mackness walikikosa katika kozi ya Kanada, huyu mama alikuwa akikifanya kila siku kwa bando la mfukoni mwake.

Miradi michache imeligundua hilo. Katika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wakimbizi wengi wanaofundisha wamemaliza shule tu bila kupita chuo cha ualimu, na darasa la watoto zaidi ya mia si jambo la ajabu. Mwaka 2016 Teachers College ya Chuo Kikuu cha Columbia ilianzisha huko mpango wa Teachers for Teachers: mafunzo ya ana kwa ana, walimu kuelekezana wenyewe kwa wenyewe, na washauri walioko mbali waliowafuatilia kwa WhatsApp. Simu haikuachwa ifanye kazi peke yake. Walimu walikuwa wamekaa chumba kimoja na kufahamiana, na upande wa pili wa simu kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza somo la jana limekwendaje.

Tatizo la mpango kama huo ni tarehe ya mwisho. Mradi una miaka yake, na mshauri wa mbali ana mkataba. Kundi la Madam halina tarehe ya kufungwa, lakini lina yeye peke yake, naye anakaribia kustaafu. Sijaona bajeti ya mafunzo ya walimu yenye kifungu cha mtu wa namna yake. Kuna vifungu vya vifaa, vya uzinduzi, vya kuchapa fulana. Mimi ningeanza na vipindi vichache vipunguzwe kwenye ratiba yake, apewe msaidizi kijana wa kumrithi, na alipiwe bando. Posho za semina moja ya wilaya zingelitosha bando hilo kwa mwaka mzima, na chenji ingebaki.