Hodhi Lenye Mlango: Ya Kuuliza Kabla ya Kununua

Mwaka 2008, zaidi ya watu 230,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea walitibiwa katika vitengo vya dharura vya hospitali za Marekani kwa majeraha waliyoyapata bafuni. Wanne kati ya kila watano walikuwa wameanguka. Takwimu hizo za CDC, taasisi ya serikali inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, zina jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazami: walioumia wakitoka kwenye hodhi la kuogea au shawa walikuwa wengi kuliko walioumia wakiingia.

Sababu inaeleweka. Anayeingia ni mkavu na ana nguvu zake. Anayetoka ana nyayo zenye sabuni, maji moto yamemlegeza, na shinikizo la damu linaweza kushuka ghafla anaposimama. Kwa mzee mwenye baridi yabisi, au aliyepooza upande mmoja, ukingo wenye kimo cha sentimita 40 hivi ni ukuta.

Ndiyo maana huko Marekani na Uingereza kunauzwa mahodhi yenye mlango ubavuni. Mtu huvuka kizingiti kifupi, huketi juu ya kiti kilichojengewa ndani, hufunga mlango, kisha hufungulia maji. Matangazo ya biashara huishia hapo, na hapo ndipo maswali yanapopaswa kuanza. Mlango haufunguliwi maji yakiwamo. Basi mwogaji huketi uchi akisubiri hodhi lijae, na akimaliza kuoga husubiri tena, mwili umelowa, mpaka maji yaishe. Hodhi la lita 200 chini ya bomba linalotoa lita 15 kwa dakika huchukua zaidi ya dakika 13 kujaa. Kwa mwili mkongwe, hiyo ni baridi ya kutosha kumfanya mtu achukie kuoga. Muuzaji aulizwe wazi: linajaa kwa dakika ngapi, na maji yake huisha kwa ngapi? Hita ya nyumbani nayo ipimwe, kwani ndogo huishiwa maji moto kabla hodhi halijajaa. Tena lita 200 ni kilo 200, bila kuhesabu mtu wala hodhi lenyewe. Katika nyumba ya ghorofa yenye sakafu ya mbao, fundi aikague kwanza.

Mlango unaofungukia ndani hubanwa na maji yenyewe, kwa hiyo hauvuji kwa urahisi. Lakini hula nafasi ya miguu, na mtu akizimia ndani, mwili wake unaweza kuuzuia. Unaofungukia nje humfaa zaidi anayehamia kutoka kwenye kiti cha magurudumu, mradi bafu lina nafasi.

Joto nalo si la kukisia. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huunguza vibaya kwa sekunde chache, na mgonjwa wa kisukari aliyekufa ganzi miguuni huenda asihisi. Wataalamu wa usalama Marekani hushauri hita isizidi nyuzi 49. Vali ya kudhibiti joto bombani huongeza kinga.

Vyuma vya kushikilia vifungwe kwa skrubu kwenye ukuta imara. Viwango vya Marekani vya majengo yanayofikika na watu wenye ulemavu vinataka vibebe takriban kilo 113. Chuma cha kutundikia taulo hakiwezi kazi hiyo, na vishikio vya mpira vinavyonata kwenye vigae huachia bila onyo.

Bima ya wazee ya Marekani, Medicare, katika mpango wake wa msingi, hailipii mahodhi haya. Familia isiyo na fedha za kununua hodhi hilo inaweza kuanza na benchi la kuhamia: miguu miwili ndani ya hodhi, miwili nje. Mtu huketi upande wa nje, hujisogeza taratibu, huingiza mguu mmoja baada ya mwingine, na kuoga kwa shawa ya mkononi akiwa ameketi. Hata nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa isiyo na hodhi inahitaji sehemu ya mpango huo: kiti imara chenye mpira miguuni, chuma ukutani, na ndoo iliyoinuliwa ili anayeoga asiiname.

Mwenye kutumia hodhi ndiye anayepaswa kulijaribu dukani, nguo zikiwa mwilini, pamoja na anayemsaidia kuoga. Aketi, afunge mlango, aufikie mfuniko wa kutolea maji bila kuinama sana, kisha ainuke na kutoka mwenyewe. Akishindwa kuinuka hapo, hodhi hilo halimfai.